Mgeni Mwenye Adabu

Mfamasia alipiga pasi shati lake mara mbili, na bado alipofika mlangoni kwa wakwe alijiona kama aliyevaa gunia. Alikuja kuonwa. Mchumba wake alikuwa amemwambia bila kuficha kwamba baba bado hajaamua, na kwamba leo ataamua. Ila mchumba huyo alikuwa mtunzi wa michezo, na mhariri wake naye alitaka kuja siku moja kuamua mambo yake. Kwa uvivu wa kuandaa chai mara mbili, Mtunzi akawaita wote Jumamosi ile ile, saa za alasiri.

Mchezo aliotunga ni wa kukaa mezani. Kila mtu anajitwalia mhusika na kumsemea, mmoja anasimulia, na jambo likiwa la kubahatisha, dadu inarushwa. Kitabu cha kuuongoza kilikuwa tayari kwenda kuchapwa, isipokuwa sura moja iliyomkosesha Mhariri usingizi. Katika sura hiyo mgeni anaingia kwenye bonde lenye amani, na anachokuja kununua ni watu.

Mhariri hakukataa ubaya usemwe. Alitaka tu mbaya ajulikane toka mbali: jicho jekundu, kovu shavuni, kicheko cha fisi, ili msomaji asije akampenda kwa bahati mbaya. Mtunzi alimtaka mgeni anayebisha hodi na kungoja akaribishwe. Mbaya wa kucheka kama fisi, alisema, hata mbuzi anamkimbia. Walivutana weee, mwisho wakapatana sura ichezwe mara moja na watu wasioijua, Mhariri akitazama. Ikipwaya, inatolewa.

Basi rafiki aliyepangwa kuwa mgeni akashikwa na mafua, sauti ikakauka kabisa, hakuja. Mtunzi akamgeukia mchumba wake na kumkabidhi kazi ile, pamoja na karatasi ya maneno ya mgeni, mbele ya watu, huku akitabasamu. Mfamasia akauona mtego. Akimwigiza mgeni vizuri, baba mkwe atamwona muuza watu mpaka siku ya harusi, kama itakuwepo. Akimwigiza vibaya, atakuwa ameiua kwa mkono wake sura ambayo mpenzi wake ameihangaikia mwaka mzima. Maji yalimfika shingoni, na chai hata haijamiminwa.

Baba mtu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu shule tu; ukuu alirudi nao nyumbani, na hata majirani walimwita Mwalimu Mkuu. Alikwisha kusema, na maneno yalimfikia Mfamasia mwenyewe, kwamba kijana huyu ni mpole mno na mtu mpole hivyo ana lake jambo. Mama alimjibu kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama, jambo ambalo halikumsaidia Mfamasia hata kidogo.

Kabla ya kuanza, Mtunzi alieleza kwamba kila mtu ataje asichotaka kukisikia mezani, na hakuna atakayemuuliza sababu. Mama alikataa nyoka, hata wa kusimuliwa. Mhariri alisema asipigwe mtoto. Mwalimu Mkuu alisema yeye hana cha kuogopa katika mambo ya kubuni. Aliyewahi kufundisha watundu wa mji mzima hatishwi na karatasi. Kisha kila mmoja akaongeza watu wa bondeni. Mama, aliyejifanya mwindaji, alileta msichana anayepiga mluzi akichota maji. Mwalimu Mkuu, aliyejipa uchifu bila kupigiwa kura, alileta kijana anayesahau viatu vyake kila nyumba anayoingia.

Mtunzi akaanza kusimulia, mgeni akaingia bondeni, na kusema kweli alikuwa mgeni wa hovyo. Mfamasia alinunua asali. Akaulizia mbuzi. Akasifu mandhari. Mhariri alifunga kalamu yake, na chini ya meza Mtunzi akamkanyaga mchumba wake kidole gumba kwa kisigino. Mfamasia alimtazama usoni, akaona macho yamelowa, na hayakuwa macho ya mchezo. Hapo akaona aibu, na aibu ikaushinda woga.

Akaweka kikombe chini, akaegemea meza kama anavyoegemea kaunta ya dukani, na sauti yake ikawa laini.

"Shikamoo, chifu. Mgongo unaendeleaje?"

Mwalimu Mkuu, mwenye mgongo mbaya kweli, akajibu unaendelea vizuri kidogo. Mgeni akampa pole. Akaulizia mvua, akaulizia paa la ukumbi linalovuja, akasikitika pale pa kusikitika. Alikuwa na chumvi na vitambaa, na zaidi ya vyote alikuwa na ahadi kwamba hakuna jeshi litakalolisumbua bonde hili. Alichoomba ni vijana saba tu, wa kazi, wenye afya. Mama alivuta upinde papo hapo. Akarusha dadu, mshale ukapita juu ya kila mtu ukachoma mtungi wa uji, na watu wakacheka. Mgeni naye akacheka kwa adabu, akaomba alipe mtungi.

"Saba ni wengi," akasema Mwalimu Mkuu.

"Hata mimi nilifikiri hivyo, mzee wangu. Wewe unaonaje?"

"Watatu. Na wasitoke nyumbani kwangu."

Mama akageuka taratibu. "Watoke nyumbani kwa nani?"

Mwalimu Mkuu akasema huu ni mchezo tu. Mama akamjibu kwamba anajua ni mchezo, na kwamba swali lake liko pale pale. Mfamasia alitamani sakafu ipasuke, lakini sura ilikuwa na neno moja zaidi la mgeni, na kisigino kilikuwa bado kinamngoja.

"Nichagulie wewe, chifu," akasema. "Wewe ndiye unayewajua."

Mwalimu Mkuu alifungua kinywa. Ilionekana wazi amemfikia yule kijana wa viatu. Akakifunga.

Kisha akasimama na kusema sura hii itolewe, tena leo, maana inamfanya mtu mwema aonekane mbaya. Mhariri, ambaye kalamu yake sasa ilikuwa wazi na inakimbia, akasema kwa heshima zote kwamba hiyo ndiyo sababu itabaki, na dai lake la jicho jekundu ameliondoa. Mtunzi alijifuta uso kwa upande wa mkono akidai ni mvuke wa chai.

Mwalimu Mkuu akaketi. Akadai mgeni arudi, safari hii atamwonyesha. Wakamkubalia. Mgeni akabisha hodi tena, akaulizia mgongo, akaomba watu wake, na Mwalimu Mkuu akanguruma hapana moja ambayo zamani ingenyamazisha uwanja mzima wa wanafunzi. Mgeni hakukasirika. Alifunga chumvi yake, akashukuru kwa muda aliopewa, akauliza tu kama mzee angeweza kumwelekeza kwa jirani.

Kidole cha Mwalimu Mkuu kilikuwa kimekwisha kunyooka kuelekea dirishani. Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine, akakikunja, akaukalia mkono.

Hakuna aliyecheka, hata Mama. Baadaye mzee akamgeukia Mfamasia, naye Mfamasia akajua kwamba mchezo umekwisha na kilichobaki ni chake.

"Sauti ile umeitoa wapi, kijana?"

"Dukani, mzee. Si yangu. Ni ya watu wanaokuja kutaka dawa za usingizi bila cheti cha daktari. Wananiulizia mama yangu kwanza. Wengine wanakuja na machungwa."

"Na wewe unawakatalia?"

"Nawakatalia."

"Wote?"

Mfamasia aliona jibu zuri limekaa karibu kabisa, la kuokota tu. Akamtazama Mtunzi, akatazama shati lake lililokwisha kujikunja.

"Hapana, mzee. Si wote."

Mwalimu Mkuu aliinywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akamsogezea kijana sahani ya karanga, akasema kama angemjibu kwamba ni wote, angemwonyesha mlango, maana mtu anayedhani hashindwi kamwe wamekwisha kumwona leo hii, naye amekalia mkono wake. "Huyu nampa binti," akamwambia mkewe.

"Nashukuru, mzee," akasema Mfamasia, na wakapeana mikono juu ya meza, juu ya dadu na makaratasi.

Mtunzi aliitazama mikono hiyo kwa muda.

"Mmemaliza kupatana?" akauliza. "Maana mimi nipo hapa hapa."

Mikono ikaachana haraka. Mama akaangua kicheko mpaka akashika ubavu, na Mhariri akainamia karatasi yake ili asionekane. Mwalimu Mkuu alikohoa, akaweka shati sawa, na kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia akamuuliza yeye anaonaje.

"Nilishamkubali zamani, baba," akasema Mtunzi. "Nilikuwa nangoja kuulizwa."