Mrushaji Mpya wa Kocha Haskell

Remy Fontenot alisugua benchi miaka mitatu katika chuo kimoja cha Louisiana, akingoja mrushaji mkuu wa timu ya futiboli ya Kimarekani, yule mmoja anayeongoza mashambulizi kwa kurusha mpira, amalize masomo. Msimu huu zamu ilikuwa yake, na kila mtu alijua. Mazoezi ya Agosti yalipoanza, Kocha Haskell akaja na kijana aliyehama kutoka chuo cha Ohio, Kade Lindqvist, mwenye mkono kama manati.

"Remy, mwanangu, mfundishe mwenzio ishara zetu za mikono za kupanga mashambulizi. Bado mgeni huyu."

Remy akamfundisha bila kumficha kitu. Wiki moja kabla ya mechi ya kwanza, kocha akatangaza kwamba Kade ndiye atakayeanza.

"Umemnoa vizuri sana," alimwambia Remy, akimpigapiga begani.

"Asante, kocha."

Jioni baba yake akapiga simu. "Nimeshaomba ruhusa kazini! Mama yako anapika gambo, ule mchuzi wetu mzito wa kamba na soseji, wa kulisha mtaa mzima. Unaanza wewe, sivyo?"

"Njooni tu, baba. Nitakuwepo uwanjani."

Hakusema kwamba atasimama pembeni, akimwonyesha Kade ishara.