Kamba Mbili, Tawi Moja

Afisa usalama alifika saa tatu asubuhi, kichwani kofia ngumu mpya iliyokuwa bado na stika ya dukani. Akasimama chini ya mjakaranda, akainua shingo, akahesabu kwa kidole: moja, mbili. Akatia alama ya vema kwenye fomu, akapiga picha kwa simu, akamwambia bosi wetu, "Safi sana." Mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake, nimeshika ncha za kamba zote mbili, na damu ikaanza kunichemka.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kushika kamba. Kaka yangu anapanda, mimi nabaki chini. Namwangalia yeye, naangalia kamba, na wakati wa kukata ukifika namfungia msumeno wa mashine kwenye kamba ya vifaa auvute juu. Tumefanya hivyo miaka tisa. Wenzetu wanamwita Kunguru, kwa sababu akishafika juu hataki kushuka hata kunywa maji. Mimi wananiita Mama Mkwe, eti nakagua kila kitu na siridhiki. Sawa. Heri niitwe mama mkwe kuliko niitwe mfiwa.

Zamani tulipanda na kamba moja. Halafu mpandaji wa kampuni nyingine akaikata kamba yake mwenyewe kwa msumeno, na ofisini kwetu wakashtuka, wakatoa amri: kila mpandaji awe na kamba mbili. Amri nzuri, sina ubishi nayo. Lakini maana ya kamba ya pili ni kwamba ya kwanza ikikatika, au tawi linaloibeba likivunjika, kuna nyingine mahali pengine ya kukushika. Mahali pengine! Kaka yangu alikuwa amezipitisha zote mbili kwenye tawi moja. Tawi hilo likienda, linaenda na kamba zote, na mtoto wa mama yangu katikati.

Na nilijua kwa nini amefanya hivyo. Mti ule ulikuwa umeinamia paa la kliniki ya wajawazito, na mganga mkuu alitaka upunguzwe kabla ya saa sita. Kuifikisha kamba ya pili kwenye tawi la upande wa pili ni kazi, nayo inakula muda. Bosi tangu asubuhi alikuwa akienda na kurudi, jicho kwenye saa. "Zionekane mbili tu," alimwambia kaka. Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Kisha nikaona jingine. Pale tawi lile linapoungana na shina palikuwa na uyoga, bapa, wa kahawia, mpana kama kisahani. Mtu wa kazi hii akiona uyoga wa namna ile anajua kwamba ndani kumeoza.

"Kaka! Hamisha kamba moja!"

"Niko sawa!"

"Hauko sawa! Tawi lako lina uyoga!"

"Dada, usinitie aibu mbele ya wageni. Lete msumeno."

Aibu! Mtu yuko juu kuliko paa, amening'inia kwenye mti uliooza, anafikiria aibu. Nikamgeukia afisa.

"Bwana mkubwa, zile kamba ziko kwenye tawi moja."

Akaitazama fomu yake. "Hapa pameandikwa kamba mbili."

"Ndiyo, lakini tawi ni moja."

"Fomu haiulizi tawi, dada yangu."

Jamani! Mtu mzima, amesoma, ana macho mawili yanayoona vizuri, na tawi liko juu ya kichwa chake. Nilitamani nimvue ile kofia nimpe mtu mwenye kichwa.

"Mpelekee msumeno," bosi akasema. "Tunapoteza muda."

Nikaufungua msumeno kutoka kwenye kamba ya vifaa, nikauweka chini, nikaukalia.

Wauguzi wakajaa madirishani. Bosi akanitisha, akanibembeleza, akanitisha tena. Kaka akanirushia maneno ambayo mama yetu angeyasikia angemchapa na ukubwa wake ule. Sikubanduka. Mwishowe, kwa hasira tupu, akaifungua kamba ya pili, akairusha upande wa pili, ikakosa, akairusha tena mpaka ikapita juu ya tawi jingine lisilooza.

"Umefurahi?"

"Ining'inie nione."

Akaining'inia kwa uzito wake wote. Tawi halikutikisika. Nikainuka, nikampelekea msumeno wake.

Alikata matawi mawili madogo. La tatu lilikuwa kubwa, na lilipoanguka mti mzima ukatikisika. Tawi lenye uyoga likachanika kwenye shina, likabaki limeshikwa na gome tu, na kamba ya kwanza ikalegea kabisa. Ya pili ikamdaka. Akabembea, akajigonga kwenye shina, mfupa wa bega ukavunjika. Nilimteremsha kidogo kidogo, huku nalia na kumtukana kwa pamoja. Alipogusa ardhi alinishika mguu.

Siku nane baadaye niliitwa ofisini. Kaka naye alikuwapo, amekaa kwenye benchi na barua ya daktari, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mezani kulikuwa na ripoti ya afisa usalama, pamoja na picha yake ile ile, kamba mbili kwenye tawi moja, na chini yake maneno: "Mfumo wa kamba mbili ulitumika ipasavyo na uliokoa maisha." Bosi alikuwa amepongezwa kwa maandishi. Mimi nilikuwa na barua ya onyo.

"Saini hapa," bosi akasema. "Ni utaratibu tu."

Nikaisoma mara mbili. Nilikuwa nimechelewesha kazi kwa dakika kumi na saba "bila sababu ya msingi."

Sikuchukua kalamu. Nikaenda kwenye benchi, nikamshika kaka yangu kwa mkono wake mzima, nikamleta mpaka mbele ya meza.

"Sababu ya msingi ndiyo hii," nikasema. "Ina watoto wawili. Iandike."