Mafundo Kwenye Mstari

Kompyuta iliniambia kwamba njia ya bomba, kutoka kwenye tangi la maji mpaka getini kwetu, ni kilomita tatu. Nikafoka peke yangu. Kilomita tatu za wapi? Hata mbili hazifiki!

Aliyeitembea njia ile asubuhi, kifaa cha GPS mfukoni, ni baba yangu, fundi bomba mstaafu asiyetaka kuambiwa amezeeka.

"Baba, ulizurura wapi?" nilimuuliza.

"Nizurure mimi? Nimekuja moja kwa moja, sijasimama hata kufunga kamba ya kiatu."

Nikaukuza mstari kwenye skrini, na hapo nikaona mafundo, kama uzi uliochezewa na paka. Kosa hilo nalijua: ukikaa mahali pamoja, kifaa hakitulii, kinarukaruka mita chache huku na huku, na programu inajumlisha kila mruko kama mwendo. Unayafuta mafundo, unabaki na urefu wa kweli. Nikaanza kufuta huku nikinung'unika.

Kisha nikaacha kufuta. Mafundo yalianza yakiwa mbalimbali, yakazidi kukaribiana, na kila moja lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia.

La mwisho, kubwa kuliko yote, lilikuwa nje ya geti letu. Asubuhi ile alikaa pale chini, nyuma ya ukuta, mpaka pumzi zikamrudia, ndipo akaingia ndani akipiga mluzi, nami nikamwambia, "Mzee, wewe bado kijana."