Mama wa Kunakili

"Hapa mna mama mmoja," alisema mhadhiri wetu akizisukuma insha mbili mbele yetu, "na sidhani kama ninyi ni ndugu."

Insha moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya mwenzangu wa chumba, tuliyemwita Shwari kwa sababu hakuna jambo lililompandisha sauti. Swali lilitutaka tumweleze mtu aliyetufundisha kuzungumza. Mimi niliandika juu ya mama yangu, fundi cherehani, anayeongea huku amebana pini midomoni hadi wateja hudhani amewanunia.

Nilianza kuisoma ya Shwari, damu ikanichemka. Alikuwa amebeba kila kitu. Pini, cherehani, hata maswali ya mama kwenye simu, yale matatu yasiyobadilika: umekula? Umekula nini? Umekula na nani? Jamani, si angalau angemgeuza awe muuza duka! Wizi wenyewe wa kivivu.

"Mkinyamaza, wote mnakwenda kamati ya nidhamu," alisema mhadhiri. "Na wakiamua kukufukuzeni chuo, mimi sina la kufanya."

"Ni mimi," Shwari alisema kabla sijafungua mdomo. "Yeye hajui lolote. Nilifungua kompyuta yake akiwa anaoga."

"Kwa nini? Wewe si mvivu, kazi zako nazijua."

Shwari alitazama vidole vyake. "Nimelelewa kwenye kituo cha watoto yatima, mwalimu. Walezi waliingia kwa zamu. Nilijaribu kuwaandika, lakini kila nikimwanza mmoja, zamu yake inaisha."

Tulikuwa tumelala chumba kimoja mwaka mzima, nami sikujua. Nilidhani hapigiwi simu kwa sababu ana maringo.

Mhadhiri alivua miwani. "Hii unapata sifuri. Kamati sikupeleki. Utaniandikia nyingine, na iwe juu ya hizo zamu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, soma mwisho wa yake."

Insha yangu ilimalizika kwa utani nilioupenda sana: simu ya mama huita kila jioni, nami huiacha iite mpaka ichoke. Hapo ndipo Shwari alipoacha kunakili. Katika yake, simu ilipokelewa mara moja, na maswali yote matatu yakajibiwa kwa ukurasa mzima, viazi vilikuwa na chumvi kiasi gani, nani alikaa kulia kwake, nani alichekesha. Nilimkumbuka mama yangu pale pale, tena kwa wivu, maana mtu mwingine alikuwa ameongea naye vizuri kuliko mimi.

Jioni ile simu iliita. Shwari akaanza kukunja nguo, zile zile azikunjazo kila simu yangu inapoita, nami ndipo nikatambua kwamba zilikuwa zimekunjwa tayari. Nikaipokea, nikaweka spika. Ilitangulia sauti ya cherehani, kisha ya mama na pini zake.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Viazi."

"Umekula na nani?"

Nikamsogezea Shwari simu. Alinitazama, akaitazama simu, akaiinamia.

"Amekula na mimi, mama."

Cherehani ikasimama. Nikamsikia mama akizitoa pini mdomoni, jambo ambalo hata mimi hajawahi kunifanyia.

"Na wewe, mwanangu," akauliza, "umekula?"