Mbuzi wa Kulipiwa Kiingilio

Nilitumwa Uingereza na neno moja, na jibu lake ndilo lililonishinda kurudi nalo. Damian, mume wangu, ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Kabla hajafa alitaka mtoto wetu wa pekee, Kyaruzi, aje kijijini kwetu Buganguzi asimame mbele ya ukoo, atajwe kuwa mrithi wa kibanja. Siyo kwa simu. Mrithi hatajwi kwa simu. "Mama Kyaruzi, ukimwambia uso kwa uso hatakataa," alisema wakati ananiaga, na mimi mwalimu mzima, niliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, nikamwamini.

Kibanja chenyewe ni migomba, kahawa, makaburi ya wazazi wake Damian, na nyumba ninayolala. Kikikosa mrithi kinarudi kwa ukoo, na ukoo wetu maana yake ni Ildefons, mtoto wa mdogo wake Damian. Huyo akija kumjulia hali mgonjwa, anaanza kwanza kuzunguka nje kuangalia mipaka.

Kyaruzi alinipokea vizuri, sitamsingizia. Siku ya tatu akatupakia kwenye gari, mimi, mkewe Mwingereza na mjukuu wangu Celina wa miaka sita, tukaenda kukaa wiki nzima shambani kwenye nyumba ya mawe waliyoikodi. Wenyewe wanaita likizo. Mimi niliyezaliwa shambani sikujua kwamba shamba ni mahali pa kwenda kupumzika. Kyaruzi alibandika ratiba kwenye mlango wa friji, siku zote zimejaa. Jumatatu, garimoshi la zamani linalokwenda mwendo mfupi na kurudi lilikotoka bila kumfikisha mtu popote. Jumanne, ngome iliyobomoka. Jumatano tukapanga foleni kwenye mvua, tukakata tiketi, tukaingia kuangalia mbuzi.

Mbuzi! Na kuku, na nguruwe mmoja aliyekuwa amelala. Kyaruzi akavaa mabuti, akambeba mwanambuzi, akasimama na Celina katikati ya miti ya matufaha, mkewe akapiga picha kwa simu yangu. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Huyu ndiye aliyekuwa akijifanya anaumwa tumbo ili asiende kuchunga mbuzi wa baba yake.

Kila nilipofungua kinywa, palikuwa na kitu cha kuangalia. "Mama, tazama kule!" Nikatazama. Jioni amechoka, asubuhi tunachelewa.

Alhamisi tukaenda kwenye bustani yenye ua mrefu wa vichochoro, uliopandwa makusudi ili watu wapotee ndani yake. Watu wazima, wenye akili zao. Celina na mama yake wakatangulia, mimi na Kyaruzi tukafika mahali njia ilipoishia, majani mbele, majani kulia, majani kushoto. Nikageuka, nikasimama katikati asiweze kupita.

"Kyaruzi, baba yako anakufa."

"Najua, Mama."

"Anataka uje akutaje mbele ya ukoo."

"Najua. Ndiyo maana nilijaza ratiba."

Niliumia. Nilitamani kumtandika fimbo palepale, na ndevu zake.

"Nikija nikapokea kibanja nitakuwa namdanganya," akasema. "Sitarudi kukaa, Mama. Sitalima. Celina hajui hata neno moja la Kihaya. Nije nimwahidi uongo mtu anayekufa?"

"Basi mdanganye! Afe na amani."

Akaanza kulia. "Siwezi. Wewe mwambie kazi imenibana."

Yaani yeye hawezi kudanganya, nimdanganyie mimi.

Niliteremka kwenye ndege Bukoba, nikapanda basi hadi Muleba, nikamalizia na bodaboda, njia nzima natunga uongo wa kazi. Damian nilimkuta kwenye kiti sebuleni, amevalishwa shati jeupe kwa ajili yangu, kola imemzidi. Hakunipa nafasi ya kusema. "Lete picha kwanza."

Nikampa simu. Akapita garimoshi, akapita ngome, akasimama kwenye mbuzi.

"Waitu! Kumbe anafuga!"

Akanigeuzia simu nione.

"Tazama mabuti. Na miti ameipanda kwa mistari, kama nilivyomfundisha. Na watu waliniambia anaishi ghorofani."

Anaishi ghorofani. Nyumba ya kupanga, dirisha linatazama maegesho ya magari.

"Ana mbuzi wangapi?"

"Wengi," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pasaka. Kisha akaiweka simu mapajani, na nikaona furaha inamtoka usoni kidogo kidogo.

"Basi haji," akasema. "Mtu aliyekwisha kupata kibanja chake na mifugo yake, aiache amwachie nani? Hata mimi nisingekuja."

Ningeweza kumwambia. Hana kibanja, hana hata kuku, hana kitu cha kumzuia, na bado haji. Nikajiuliza hilo litamsaidia nini mgonjwa, nikafunga kinywa. Mungu anisamehe, au asinisamehe, sijali tena.

"Mwite Ildefons," Damian akasema.

Ildefons alikuja Jumamosi na wazee wawili wa ukoo, amenyoa, amevaa koti. Damian akamtaja kwa sauti nyembamba isiyotetemeka. Akawaeleza wazee kwamba mwanawe ana shamba kubwa Uingereza, wakapiga makofi, nikawamiminia rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mkono wangu haukumwaga hata tone. Nilijua ninachokisherehekea: siku Damian akizikwa, nyumba hii si yangu.

Wazee walipoanza kuaga, Ildefons akaja jikoni, hakubisha hodi. Akatazama dari, akatazama milango, akausukuma ule wa stoo kwa kidole kuona kama unafunga.

"Mama mkubwa," akaniambia kwa upole, "usiwe na wasiwasi. Utakaa tu hapahapa, kwa sasa."

Nikamwambia asante.