Mkali Namba Moja wa Moshi

Mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka hadi wazee wakaanza kung'oa mibuni, sisi vijana tulikuwa tunabishana jambo moja tu: nani mkali wa kuchana mistari Moshi nzima. Saluni yangu ilikuwa mtaa wa Rau, chumba kimoja chenye kioo kikubwa na redio isiyozimwa. Kila Jumamosi mchana redio moja ya pale mjini ilipanga wasanii kumi wa rap waliokuwa wakali mkoani. Mtangazaji aliitwa Martin. Watu walimpigia simu, wakamtumia kadi, wakagombana sokoni kwa sababu yake. Ukiwekwa wa pili, muuza chipsi anakuongezea. Ukishuka hadi wa tisa, anakuuliza mbele ya watu umekwama wapi.

Namba moja alikuwa Hosea, na alikaa pale muda mrefu. Alikuwa kijana wa Kirua Vunjo, kule juu mlimani, mtoto wa Mzee Ebenezeri, mzee wa kanisa wa usharika wa kwao. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na alijua kusimama mbele ya watu. Dada yake, Violet, ndiye aliyekuwa msusi wangu.

Kitu ambacho Martin hakukijua, wala wasikilizaji wake, ni kwamba mistari yote ya Hosea ilitoka kwa Violet. Mimi nilijua kwa sababu niliisikia ikizaliwa. Hakuandika popote. Alikuwa anasuka, midomo inachezacheza, halafu anatabasamu peke yake, nami najua kina kimekubali. Hosea akija jioni wanakaa kwenye benchi la nje. Violet anasema, Hosea anarudia, anakosea, anarekebishwa, hadi maneno yamkae. Walianza hivyo zamani, wakikata majani ya ng'ombe kihambani, shamba la ukoo wao. Baba yao asingekubali binti yake apande jukwaani, kwa hiyo wakaelewana: kichwa cha Violet, mdomo wa Hosea. Wakati huo ilikuwa raha ya ndugu wawili.

Mistari iliyompandisha Hosea ilimhusu baba yao. Mzee Ebenezeri alikata mibuni aliyoachiwa na baba yake ili apande nyanya, na Violet alikuwepo siku hiyo, akikusanya matawi. Akarudi mjini. Baada ya siku chache nikamsikia anasema juu ya kichwa cha mteja:

Kahawa ya babu leo kuni za jikoni,
Mibuni imelala kama maiti shimoni,
Baba kashika panga, chozi liko shavuni,
Anayeinywa Ulaya hatujui huku migombani.

Mteja aligeuka akamwangalia. Kabla ya mwezi kwisha, watoto wa shule walikuwa wanaichana mistari hiyo njiani, wakiiga sauti ya Hosea.

Jumamosi moja Martin alimwita Hosea studio. Tuliongeza sauti. Violet alikuwa anamwosha mteja nywele.

"Wengine wana sauti nzuri," Martin alisema, "wengine wana biti kali. Lakini mimi nakuweka namba moja kwa sababu ya mistari. Hebu tuambie, unaitoa wapi?"

Hosea akasema, "Huwa inakuja yenyewe. Naamka asubuhi, nakuta iko kichwani."

Violet aliendelea kumwagia mteja maji. Yalimwingia machoni yule mama, akalalamika, ndipo Violet akafunga bomba.

Jioni Hosea alikuja akicheka, ana raba mpya. Violet hakutoka nje kukaa kwenye benchi.

"Kaka, sikutaka uniite jukwaani," alimwambia. "Ungetaja jina tu. Ungesema, naandikiwa na dada yangu. Basi."

"Baba angesikia."

"Baba hasikilizi redio ile."

Hosea aliangalia raba zake. "Violet, ukisema umeandikiwa, wanakushusha. Si unajua wale? Nitasema nikishakaa vizuri."

"Lini?"

"Nitasema."

Alinisalimia mimi, "Shikamoo, dada Beatrice," kama vile nilikuwa nimeingia sasa hivi, akaondoka.

Hakusema. Violet alisubiri kipindi baada ya kipindi. Mwisho wa mwaka Martin akatangaza shindano kwenye ukumbi mmoja mjini: yeyote anayedhani amepangwa vibaya, au hakupangwa kabisa, aje achane, na baada ya hapo orodha itapangwa upya mbele ya watu. Violet alivua aproni akaniambia, "Nisindikize."

Niliogopa, lakini nilimsindikiza. Ukumbi ulijaa wanaume. Waliopanda kabla yake walijisifu magari wasiyokuwa nayo. Alipoitwa, wengine walipiga miluzi. Violet alishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, akaanza mistari mipya ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia. Alimwelezea mama yake, Mektrida, anavyoshuka na ndizi sokoni na kupanda na chumvi, na alivyosahau kicheko chake barabarani. Hakujisifu hata mara moja. Miluzi ilikatika. Mzee mlinzi wa mlangoni alivua kofia.

Alipomaliza nikafikiri, sasa wamejua. Kisha kijana mmoja akasema kwa sauti kutoka katikati, "Huyo si dada yake Hosea? Kaandikiwa na kaka yake."

Ukumbi mzima ukapumua. Jambo lilikuwa limepata maelezo. Wakaanza kupiga makofi, lakini wote walikuwa wamegeuka kuangalia upande wa pili, alikokaa Hosea. Martin akachukua kipaza sauti. "Mnaona huyu jamaa?" alisema. "Hadi dada yake kamfundisha. Hosea, simama watu wakuone."

Hosea alisimama. Nilimwangalia mdomo. Angeweza kusema neno moja tu. Alipunga mkono, akaketi.

Alitangazwa namba moja. Jina la Violet halikutajwa popote kati ya wale kumi. Tukiwa nje alisema tu kwamba kesho kuna bibi harusi wa kusuka, tuwahi.

Niliamini uchungu umeishia hapo, lakini mtu mmoja aliyerudi Kirua Vunjo alimweleza Mzee Ebenezeri kwamba mtoto wake anachana mjini kuhusu baba aliyelia akikata mibuni. Mzee akawaita wote wawili nyumbani Jumapili. Violet aliniomba twende wote, nami nikaenda. Mama Mektrida alitupa mtori wa ndizi na nyama, hakuna aliyekula.

"Nani kawaambia watu kwamba nililia?" mzee aliuliza. Hakupaza sauti. "Nililia shambani kwangu. Mke wangu aliona, binti yangu aliona. Leo nasimama kanisani kukusanya sadaka, vijana wananiangalia shavu."

Hosea hakusubiri. "Baba, si mimi," alisema. "Mimi nasema tu. Maneno yote ni ya Violet. Yote, toka mwanzo. Muulize dada Beatrice."

Mzee alinigeukia. Ilikuwa kweli. Nilikubali kwa kichwa.

Violet alimtazama kaka yake. Maneno aliyoyangoja mwaka mzima yalikuwa yametoka, yote, bila hata moja kupungua, na yametolewa mahali pekee ambapo yangemuumiza.

"Ni yangu, baba," alisema.

"Basi usije hapa mpaka nikuite," alisema mzee.

Hakumwita. Mama Mektrida ndiye aliyekuwa akishuka mara kwa mara na mkungu wa ndizi, anakaa saluni, anashika mkono wa binti yake, wanaongea Kichagga taratibu, kisha anapanda gari kurudi.

Hosea alikwenda Dar, akarekodi kaseti. Iliuzwa hadi kwenye soko la Kwa Sadala. Martin aliicheza mpaka tukaichoka. Lakini yalipokwisha maneno aliyokuwa nayo kichwani, ilibidi atoe mapya, na mapya yalikuwa ya magari na wanawake, vina vinagongana kama masufuria. Akashuka hadi wa tano. Akashuka tena. Jumamosi moja Martin alisoma wote kumi, nasi tukasikiliza mpaka mwisho. Jina lake halikuwemo.

Alikuja saluni siku ya katikati ya wiki, hakuna mteja. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo.

"Dada, nipe mistari miwili mitatu tu," alisema. "Safari hii nitakutaja."

"Nitaje kwanza. Nenda kwa Martin, useme. Halafu njoo."

"Watanicheka, Violet. Watasema sikuwahi kuwa chochote."

"Ndiyo."

Hosea alimwangalia kwenye kioo, si usoni. Kisha akaniangalia mimi, kama ningemsaidia. Nilichukua ufagio. Alikaa pale mpaka mteja alipoingia na kiti kikahitajika.

Siku hizi Hosea anauza vipuri vya pikipiki. Vijana wanaokuja saluni bado wanapanga wakali wa zamani, na wengi wanamweka wa kwanza. "Ila aliishiwa," wanasema. Violet anawasikiliza kama anavyosikiliza habari za mvua. Nilimuuliza mara moja kwa nini hawaambii. Alisema, "Nilishawaambia, dada, ukumbini. Ulikuwepo."

Midomo yake haichezichezi tena akisuka. Mwanzoni nilidhani ananificha mistari. Nilimchunguza miezi mingi, wateja wakija na kuondoka, mikono yake ikienda haraka kuliko zamani. Hakuna kitu. Anasuka tu, na anasuka vizuri sana.