Lango la Uwanjani

Fundi wa pampu alikuwa mwoga wa maji tangu utotoni. Wenzake walimtania kwamba ni kama mpishi anayeogopa moto.

Mvua ilipotimiza siku ya tatu, mtaro mkuu ulijaa pomoni. Kushoto kwake palikuwa na hospitali. Kulia, uwanja wa mpira ambao jiji liliuchimba ukawa bonde na kuuzungushia tuta, ili mvua kubwa zikija maji yalale humo, si vitandani mwa watu. Lango lake halikuwahi kufunguliwa hata mara moja. Na nyuma ya tuta hilo aliishi dada yake pamoja na mama yao.

Saa nane mchana mhandisi wa jiji akapiga simu. "Fungua."

"Tuta litahimili?"

"Kwa hesabu zetu, ndiyo."

Fundi akampigia dada yake kwanza. "Mpeleke mama kwa jirani wa ghorofani. Sasa hivi!"

"Si wewe uliyekuja hapa kutuapia kwamba tuta ni imara?"

"Ni mimi. Na sasa naogopa. Nakuomba, dada."

Simu ikakatika. Hospitalini wagonjwa wa ghorofa ya chini walikuwa tayari wanabebwa kwa machela. Liwalo na liwe, akasema, akalishika gurudumu la lango. Likamponyoka mara mbili. Kisha maji yakaingia yakinguruma, yakameza magoli, yakaparamia tuta.

Ndipo alipoona: kwenye kona, udongo unachuruzika.

Alitimua mbio, viatu vikabaki matopeni. Alitarajia kukuta nyumba zimekwenda na maji. Alikuta mtaa mzima umejipanga, magunia ya mchanga yakipita mkono kwa mkono, na mbele kabisa dada yake, maji magotini.

"Mama?"

"Yuko juu, anakutukana. Usisimame kama mlingoti, shika gunia!"

Walishindilia hadi jioni, kila ufa mpya ukimpasua moyo. Tuta likashika. Hospitali haikuguswa. Jiko la dada likajaa maji yaliyovuja hadi kwenye rafu ya vikombe.

Mhandisi akapiga tena, sauti imechangamka. "Mpango umefanya kazi!"

"Njoo uone kilichofanya kazi," fundi akajibu.

Dada alikaa juu ya gunia, anahema. "Na mvua ijayo?"

"Sijui, dada. Kweli sijui."

"Basi kesho tunaongeza kimo. Na huyo bwana wa hesabu aje na koleo."

Mvua ilikuwa bado inanyesha.